Karao akikuumiza Nairobi: hatua za kufuata mpaka kortini, na ile stori ya eti askari hashtakiki

Niko na saiba huku Eastlands, kazi yangu ni kuprinti, kuskani na kujazia watu fomu, na tangu maandamano ya 2024 nimeprinti P3, ile fomu ya polisi ya kuandika majeraha, nyingi kuliko sivii. Kila mtu akiingia na bandeji kichwani ama mkono umefungwa kwa shingo swali ni lile lile, "lakini buda, si hawa watu wako na kinga, utampeleka wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja nikiwa na foleni ya watu wa KRA nyuma, so nimeandika yote hapa. Mimi si wakili. Nimeshika mafaili mengi tu, na nimeona yanakufia wapi.

Kwanza hio ya kinga tuimalize. Watu wametoa hio kitu kwa video za Marekani. Huko kuna kanuni iliyotengenezwa na majaji wenyewe, ilianza na kesi ya Pierson mwaka 1967 na ikakazwa na kesi ya Harlow mwaka 1982, inasema ukimshtaki askari binafsi akulipe pesa, anaponyoka isipokuwa haki aliyokuvunjia ilikuwa imeshawekwa wazi na sheria wakati huo, na mara nyingi hio inamaanisha utafute kesi ya zamani inayofanana na yako karibu kila kitu. Na hata huko inahusu kesi za pesa peke yake, haimzuii mtu kushtakiwa kwa mauaji. Kupima kama nguvu ilizidi wako na kesi zingine, ya Garner ya 1985 iliyosema huwezi piga risasi mtu anayekimbia tu na si hatari kwa mtu, ya Graham ya 1989, na Mei 2025 mahakama yao ya juu ikaamua kwa sauti moja kesi ya Barnes kwamba jaji asiangalie ile sekunde ya risasi peke yake, aangalie tukio lote tangu mwanzo. Ni mambo mazuri kujua, lakini ni ya Marekani. Ukiingia korti ya Milimani ukianza kutaja Graham utaangaliwa tu.

Huku kwetu mwenye Katiba imemkinga asishtakiwe kwa jinai akiwa kazini ni rais, na hata yeye si kwa kila kitu. Askari hayuko kwa hio listi. Kitu ako nacho ni utetezi, na hizo ni vitu viwili tofauti: kinga inakuzuia wewe kumfikisha kortini, utetezi anautoa akiwa ameshasimama kizimbani, aseme nilikuwa najikinga, nilikuwa na waranti, huyu alikuwa na panga. Jaji anasikiza anapima. Mwaka 2014 huko Kinango, Kwale, polisi waliua msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, wakasema aliwavamia na panga, na hio stori haikuwasaidia, 2016 Mahakama Kuu Mombasa ikawafunga wawili miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Hio ndio ilikuwa hukumu ya kwanza kutoka kwa uchunguzi wa IPOA, mamlaka huru ya kuangalia polisi. Yule askari aliyejulikana kama Katitu, aliyempiga kijana risasi Githurai 2013, watu waliandamana wakimtetea eti anapunguza wezi, na 2021 korti ikampata na hatia ya mauaji. So wanashtakiwa. Wengi hawafungwi kwa sababu faili ilifika ikiwa tupu, ama haikufika.

Sheria yenyewe iko kwa Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, kifungu cha 61 na ile Jedwali la Sita huko nyuma, kurasa chache tu, kama unajua kusoma Kizungu cha serikali isome mwenyewe. Inaanza kwa kusema polisi afanye kazi bila kutumia nguvu. Kama ni lazima, iwe nguvu inayolingana na kosa na vile mtu anakataa kushikwa. Bunduki ni pale njia zingine zimeshindwa, kama maisha ya mtu yako hatarini, na kabla ya kufyatua ajitambulishe na atoe onyo lenye linaeleweka. Akiumiza mtu apelekwe hospitali mara moja na familia iambiwe. Mtu akifa ama akiumia vibaya mkubwa wa huyo askari lazima aripoti kwa IPOA, si hiari. Akiwa na yunifomu lazima jina ama nambari ya kazi ionekane. Na ile napenda kuliko zote, kusema "nilitumwa na mkubwa" si kisingizio. Weka hizo kichwani kwa sababu kila hatua ya chini inatafuta karatasi ya kuonyesha ni gani kati ya hizo ilivunjwa.

HATUA YA 1. Hospitali, na useme ukweli ukiwa hapo

Enda hospitali ya serikali kama unaweza, Mama Lucy, Mbagathi, Kenyatta, hata kituo cha afya cha kaunti ni sawa. Kliniki ya mtaani ni sawa ukiwa unavuja damu, lakini baadaye daktari wa serikali ndiye atajaza P3 na anataka kuona ulitibiwa wapi na lini.

Watu hukosea hapa. Ukiulizwa umeumizwa na nini unaogopa unasema ulianguka kwa ngazi, ama boda ilikugonga, kwa sababu kuna karao amesimama hapo ama unadhani hawatakutibu. Daktari anaandika "ameanguka". Miezi nane baadaye wakili wa serikali anasimama anasoma hio laini moja, na kesi imeisha. Sema "nimepigwa rungu na polisi", sema saa ngapi, sema wapi, na uangalie wameandika hivyo. Kama ni tiagasi ya mkebe ilikugonga kichwa sema ni mkebe. Omba kila karatasi: kadi, noti za matibabu, eksirei na ripoti yake, risiti zote hata ya Panadol. Kama kuna risasi imetolewa mwilini uliza daktari ameandika imetolewa wapi na imepewa nani. Usiende nayo nyumbani kama kumbukumbu.

Kama ni dhulma ya kingono ni hospitali kabla ya kuoga, kuna dawa za kuzuia virusi ambazo lazima zianze ndani ya masaa 72, na kuna fomu ya PRC, ya uchunguzi wa dhulma za kingono, inajazwa hapo hapo hospitali, ni bure.

HATUA YA 2. Vitu vyako usivisafishe

Hapa niongee kidogo juu imenichoma. Kazo yangu, yaani binamu, alivunjwa mkono kwa steji, hakuwa hata anaandamana, alikuwa anangoja matatu ya kwenda kazi ya usiku. Jaketi ilikuwa na damu na alama ya buti mgongoni, imeonekana kabisa kama muhuri. Shangazi yangu kwa huruma akailoweka na Omo usiku huo huo, asubuhi iko kwa kamba inapepea, safi kama ya kanisa. Hatukumlaumu, ni mama, angefanya nini. Lakini hio alama ilikuwa ni shahidi kuliko sisi wote.

So nguo, viatu, kofia, iache ikauke kwa kivuli, weka kwa karatasi la kaki ama bahasha kubwa, usiweke kwa plastiki kwa sababu ikiwa na unyevu itaoza. Andika tarehe na nani ameweka. Mkebe wa tiagasi ama ganda la risasi ukiliona chini, piga picha kabla ya kugusa, weka kitu kando kama sarafu ya bob kumi ndio saizi ionekane, piga picha nyingine ya mbali inayoonyesha duka ama nguzo ndio mahali pajulikane. Ikiwa ni risasi nzima haijafyatuliwa usiibebe kwa mfuko kabisa, kumiliki risasi bila leseni ni kosa na utakuwa umewapa kazi rahisi. Ita mtu, piga picha, ripoti.

Video: usiitume kwa WhatsApp kisha ufute ya kwanza. WhatsApp inaifinya na inatoa ile taarifa ya ndani inayoonyesha ilirekodiwa saa ngapi na simu gani. Ile faili ya kwanza ibaki kwa simu iliyorekodi, kopi iende kwa flashi na nyingine kwa imeili yako. Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti cha kuelezea video ilitoka kwa kifaa gani na nani alikishughulikia, so mwenye alirekodi lazima apatikane. Kama ni jirani, chukua jina na namba yake leo, usingoje ahame. Uliza pia maduka na vibanda vya Mpesa kama wako na kamera, na uulize haraka, mashine nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku chache, na polisi nao wakifika kwanza wanaomba hio mashine "kwa uchunguzi".

Na kama uko na nguvu ya kuandika, andika usiku huo huo. Walikuwa wangapi, walivaa nini, helmeti ama kofia, gari gani namba gani, mmoja aliitwa nani na wenzake, waliongea nini. Jina likiwa limefichwa andika limefichwa. Hio ni muhimu sahii kuliko zamani, kwa sababu Agosti 2024 Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu aliagiza polisi wanaoshughulikia waandamanaji wasifiche utambulisho wao. Hapo nyuma, Juni 2024, Jaji Mugure Thande alikuwa ametoa amri ya muda kukataza tiagasi, maji ya kuwasha, risasi za mpira na za moto dhidi ya waandamanaji wa amani. Zilifuatwa? Wewe mwenyewe ulikuwa hapa, unajua. Lakini amri ikikiukwa wakili wako anapata kitu cha ziada cha kusimamia, na ndio maana unaandika.

HATUA YA 3. OB, kitabu cha matukio cha kituo

Ndio, unaenda kuripoti polisi kwa polisi. Inauma lakini iko na sababu, bila namba ya OB kuna ofisi nyingi hazitakuelewa na P3 sehemu ya kwanza inajazwa kituoni. Usiende peke yako. Enda na mtu mzima mwenye heshima mtaani, mchungaji, mzee wa nyumba kumi, mtu wa kituo cha haki cha mtaa, Mathare wako, Dandora wako, Kayole wako. Ukifika ongea pole pole, "Afande, habari ya kazi, nimekuja kuripoti nimeumizwa," basi. Usianze kupigana vita kwa kaunta. Sema uliumizwa na maafisa wa polisi, usome kilichoandikwa kabla uondoke, na uchukue namba, huwa ni namba ya siku ile ikifuatwa na tarehe. Ipige picha ukiruhusiwa, ama uandike kwa mkono.

Wakikataa, na kituo kimoja huku walitukatalia mara mbili, eti tuende kwa kituo cha wale waliofanya, usikae hapo kubishana mpaka wakuweke ndani. Andika saa, jina la mwenye kaunta kama linaonekana, toka, jaribu kituo kingine ama ruka moja kwa moja hatua ya 5. Kukataliwa OB pia ni malalamishi.

HATUA YA 4. P3

Ni bure. Narudia, ni bure, fomu ni bure kituoni, na mimi nikikuprintia unalipa karatasi tu. Kituo kinajaza sehemu yao na kupiga muhuri, halafu daktari anajaza yake akiangalia zile noti za hatua ya kwanza. Daktari ataandika kiwango, kama ni madhara ya kawaida, madhara makubwa ama ulemavu, na hilo neno moja ndilo litaamua askari atashtakiwa kosa gani. Mpe noti zote, mwonyeshe kila mahali panauma, usione haya. Kisha fotokopi tatu kabla ya kuirudisha, na hapo sisemi ndio niuze fotokopi.

HATUA YA 5. IPOA

Hii ndio mamlaka huru ya kuangalia polisi, iliundwa na sheria ya 2011, si idara ya polisi. Ofisi ya Nairobi iko ACK Garden Annex, First Ngong Avenue, hapo juu ukitoka Community, na namba ya bure ni 1559. Unaweza enda mwenyewe, upige, uandike barua ama ujaze onlaini. Hakuna ada na hauhitaji wakili. Beba kopi za kila kitu, kamwe usiwache orijino ya video ama P3 bila kusainiwa umepeana nini. Utapewa namba ya faili. Hio namba iandike kwa ukuta kama unaweza.

Kuna pia kitengo cha ndani cha polisi wenyewe, IAU, hao ni wa nidhamu, wanaweza kumfanya mtu afutwe ama ashushwe cheo, unaweza peleka huko pia. Lakini kama kuna kifo ama umeumia vibaya ni IPOA. Wakimaliza wanapeleka faili kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma, na huyo ndiye anaamua kama mtu anashtakiwa. IPOA haifungi mtu. Watu hukasirikia IPOA miaka miwili na faili iko kwa meza ingine kabisa, so ukifuatilia uliza swali moja: faili iko wapi leo? Uliza kila mwezi, kwa imeili ndio kuwe na rekodi, ukitaja namba.

MTU AKIWA AMESHIKWA NA HAMUMPATI

Hii haina namba juu unaifanya kabla ya zote. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyeshikwa aambiwe kwa nini, aruhusiwe kuongea na wakili, na afikishwe kortini ndani ya masaa 24, ama siku ya korti inayofuata kama ni wikendi. Zungukeni vituo mkiandika kila kituo mlichoenda na saa mliyokataliwa. Masaa yakiisha wakili anaenda Mahakama Kuu na ombi la kulazimisha mtu aletwe mbele ya jaji, wanaita hebias kopas, Katiba inasema hio haki haipunguzwi hata kidogo. Inafanya kazi? Septemba 2024 kaimu inspekta jenerali, Gilbert Masengeli, aliitwa na Jaji Lawrence Mugambi tena na tena aeleze wako wapi watu watatu waliopotea Kitengela, hakukuja, akahukumiwa miezi sita kwa kudharau korti. Hakuitumikia, alikuja baadaye akaomba radhi na ikaondolewa, lakini wale watatu walikuwa wameshaachiliwa wakiwa hai. Mimi hio naihesabu.

KAMA AMEKUFA

Pole sana. Usikubali haraka ya mazishi, na usikubali mwili upasuliwe bila familia kujua. Mko na haki ya kuwa na daktari wenu ndani ya chumba wakati wa upasuaji, na shirika la IMLU limesaidia familia nyingi kupata daktari huru, watafuteni siku hio hio. Ombeni ripoti iandikwe risasi iliingilia wapi na ikatokea wapi, juu kuingilia mgongoni na "alikuwa ananishambulia" haziendi pamoja. Nguo zake msizichome. Kama hakuna mtu ameshtakiwa, hakimu anaweza fanya inkwesti, yaani korti inachunguza kifo bila mshtakiwa, mashahidi wanaitwa wanahojiwa. Ilifanywa Kisumu kwa mtoto Samantha Pendo, aliyepigwa akiwa na miezi sita Agosti 2017, na Februari 2019 hakimu akasema polisi wana lawama wakiwemo wakubwa waliokuwa wanaongoza, na kutoka hapo mashtaka ndio yakatoka, ya uhalifu dhidi ya binadamu, na si kwa askari wa barabarani peke yake, hadi makamanda.

HATUA YA 6. Kortini ni milango miwili, na unaweza tumia yote

Mlango wa kwanza ni jinai. Huo si wako, ni wa mkurugenzi wa mashtaka, wewe ni shahidi. Lazima hatia ithibitishwe mpaka kusiwe na shaka ya maana, na ndio maana askari anaweza achiliwa hata kama kila mtu mtaani anajua. Mauaji hayana tarehe ya mwisho. Na chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, mateso ni mpaka miaka 25.

Mlango wa pili ni wako mwenyewe, unashtaki serikali kupitia mwanasheria mkuu, na askari ukimjua unamweka pia. Hapa kipimo ni kidogo, mizani ikiinamia upande wako inatosha. So askari anaweza ponyoka kule na serikali ilipe huku, na hauhitaji hata kumjua jina, inatosha kuonyesha ni polisi. Hii watu hawajui! Wanasema "walikuwa na barakoa, hakuna kesi", iko.

Kuna njia mbili za kuingia huo mlango. Kesi ya madai ya kawaida dhidi ya serikali lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12, usicheze na hio tarehe, imemeza watu wengi. Kulikuwa pia na sheria ya kupea serikali notisi ya siku 30 kwanza, Mahakama Kuu mwaka 2012 ikasema hio inazuia watu kupata haki na ni kinyume cha Katiba, ingawa mawakili wengi bado hutuma barua, haina shida. Njia ingine ni petisheni ya kikatiba, chini ya ibara ya 22 na 23, unasema haki yangu ya uhai, heshima, usalama ama kuandamana imevunjwa. Hio haina miezi 12. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliwapa haki kina mama waliopigwa na polisi Freedom Corner pale Uhuru Park mwaka 1992, wakiwa wanalilia watoto wao wafungwa wa kisiasa, zaidi ya miaka 30 baadaye, na korti ikakubali kuna sababu za kuchelewa. Lakini usichukue hio kama ruhusa ya kulala, wao walikuwa chini ya serikali ambayo ungeishtaki ukalala wapi? Wewe utaulizwa ulikuwa wapi.

Ibara hio ya 22 inasema pia hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hii, na korti ikubali hata maandishi yasiyo rasmi ikibidi, na kanuni za 2013 zinataja hata barua. Mtu wa rejista akikuitisha kitu mwonyeshe ibara. Bado ningesema tafuta wakili. Kituo cha Sheria wanasaidia bure, LSK, chama cha mawakili, wako na orodha, Tume ya haki za binadamu, KNCHR, inapokea malalamishi pia. Hati ya kiapo unaandika na maneno yako, halafu kamishna wa viapo anapiga muhuri. Usikubali wakili akuandikie vitu haukuona. Utahojiwa juu ya kila sentensi.

Pesa ni ngapi? Haina bei moja. Desemba 2020 Jaji Weldon Korir aliwapa manusura wanne wa dhulma za kingono za baada ya uchaguzi wa 2007 shilingi milioni 4 kila mmoja, na sababu moja kubwa ilikuwa serikali haikuchunguza walichoripoti. Shika hapo: kutochunguza pekee ni kosa. Ndio maana ile OB uliyokataliwa na zile imeili za kila mwezi hazikuwa kazi bure.

USALAMA WAKO

Sitakudanganya. Josephat Mwenda alikuwa mtu wa boda, alipigwa risasi na askari 2015, akalalamika IPOA, akabambikiwa kesi za barabarani, na Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri wakatekwa wakauawa. Askari aliyelalamikiwa, Fredrick Leliman, alihukumiwa kifo Februari 2023, na wenzake watatu wakapewa miaka 30, 24 na 20. Ni hukumu nzito, na haikumrudisha mtu.

So usitembee na faili yote. Usipost jina la askari na la shahidi kabla wakili hajasema sawa. Siku ya korti usiende peke yako na mtu wa nyumbani ajue unarudi saa ngapi. Ukianza kuona gari moja mara tatu ama simu za ajabu, andika, ambia IPOA na wakili, na kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, ombi linaweza pelekwa na wewe, wakili ama mwendesha mashtaka. Ukianza kushtakiwa vitu vidogo vidogo ghafla, eti ulevi, eti kusumbua amani, usilipe faini haraka ndio iishe, peleka kwa wakili yule yule, iingie kwa faili ile ile.

HATUA YA 7. Umeshinda, sasa?

Hapa ndio watu hurudi kwangu wakiwa wamechanganyikiwa, wako na hukumu inasema milioni ngapi na hakuna shilingi. Huwezi tuma dalali achukue Landcruiser ya polisi, sheria inakataza kukamata mali ya serikali. Wakili anaomba korti cheti cha amri dhidi ya serikali, kinapelekwa kwa mwanasheria mkuu na kwa afisa mhasibu wa wizara husika. Wakinyamaza unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha huyo afisa alipe, na akinyamaza tena ni kudharau korti, yeye binafsi. Huchukua miaka. Watu huhama nyumba, hubadilisha laini, na siku barua ikitoka hakuna anayewapata, so namba ya simu na akaunti ikibadilika ambia wakili wiki hio hio, na uache namba ya mtu wa pili, dada ama mama, kwa faili.

Ya kazo yangu bado iko IPOA. Mkono umenyooka nusu, hawezi beba mtungi wa maji. Mwezi wa pili wa kufuatilia waliuliza kama kuna nguo za siku ile, nikaangalia shangazi, shangazi akaangalia dirishani. Tukawapa picha ambazo mtu wa kibanda cha mayai alikuwa amepiga dakika tano baada ya tukio, jaketi ikiwa bado mgongoni, alama ya buti inaonekana vizuri. Yule jamaa alikuwa nazo kwa simu muda huo wote. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Ukikuja kuprinti kuja na flashi ama simu yenyewe. Usinitumie video kwa WhatsApp.